Kutoka Choo cha Chicago hadi Matone ya Songwe

Mradi wa kwanza wa Rotary ulikuwa choo. Haukuwa hospitali, wala shule, wala kisima. Kilikuwa choo cha umma katikati ya jiji la Chicago, ambacho wanachama walianza kukidai mwaka 1907. Watengeneza bia walikipinga wakisema baa za jiji zina vyoo vya kutosha kwa wanaume. Wenye maduka makubwa nao wakadai wanawake wanavyo vya kwao madukani. Hakuna aliyetaja kwamba mtu akiingia kujisaidia hutoka amenunua kitu. Choo kikajengwa hata hivyo.

Historia ya vilabu vya huduma husimuliwa mara nyingi kuanzia kwenye mabango, suti na karamu. Kwa msomaji wa Tunduma ni afadhali ianzie chooni, maana dereva aliyelala siku mbili kwenye foleni ya malori akisubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, hahitaji kuelezwa kwa nini watu wazima wenye kazi zao walipigania jambo kama hilo.

Klabu yenyewe ilizaliwa tarehe 23 Februari 1905, katika chumba namba 711 cha jengo la Unity, mtaa wa Dearborn. Walikuwa watu wanne: mwanasheria Paul Harris, mfanyabiashara wa makaa ya mawe Silvester Schiele, mhandisi wa migodi Gustavus Loehr, ambaye ofisi ilikuwa yake, na fundi nguo Hiram Shorey. Jina la klabu lilitokana na desturi yao ya kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tusipake mambo rangi: nia ya mwanzo ilikuwa kujuana na kupeana wateja. Kila kazi iliwakilishwa na mtu mmoja, ili mwanasheria asikae meza moja na mwanasheria mwenzake wakagombea mteja. Wazo la kuwatumikia watu wasio wanachama lilikuja baadaye, na choo kile ndicho kilicholifungulia njia. Mwaka 1917, katika jiji hilohilo, wakala wa bima Melvin Jones akaanzisha Lions, ambao wamejulikana zaidi kwa huduma za macho.

Afrika Mashariki iliipata klabu yake ya kwanza ya Rotary mwaka 1930, mjini Nairobi. Dar es Salaam ikafuata mwaka 1949, miaka miwili baada ya Paul Harris kufariki, na Kampala mwaka 1957.

Mwaka 1949 si tarehe tupu kwa Tanganyika. Ndio mwaka Gavana Edward Twining alipowasili, na mwaka huohuo mwalimu kijana kutoka Butiama, Julius Nyerere, alisafiri kwenda Edinburgh kusoma. Mradi wa karanga wa Kongwa, uliotangazwa kwa mbwembwe miaka miwili nyuma, ulikuwa tayari unakwenda mrama. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa umegawanywa kwa rangi, Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, na Waafrika walikuwa na chama chao, African Association, tangu 1929. Klabu yoyote ya chakula cha mchana iliyoanzishwa katika mji wa namna hiyo ilibeba mipaka ya mji huo. Kilichobaki baada ya uhuru ni utaratibu wa kukutana, nao ndio unaostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu miradi yote hutokea humo.

Kikao huanza kwa kengele. Rais wa klabu huigonga kwa nyundo ndogo ya mbao, minong'ono hukoma, wageni hutambulishwa mmoja mmoja. Mgeni aliyetoka klabu ya nchi nyingine hukabidhi kibendera cha klabu yake na kupewa cha wenyeji. Wakati wa chakula, au baada yake, huzungumza msemaji mwalikwa: daktari, mhandisi wa maji, ofisa wa benki, mara nyingine mwanafunzi. Halafu huinuka sajenti, mwanachama aliyepewa kazi ya kutoza faini. Aliyechelewa atalipa, ambaye simu yake imelia atalipa, aliyetokea gazetini bila kuitaja klabu atalipa, na aliyepata mjukuu atalipa kwa furaha. Pesa ni ndogo, lakini mchezo huu una akili. Mkurugenzi wa kampuni akishatozwa mbele ya watu kwa kuchelewa dakika tano, ni vigumu kuendelea kujiona bosi mezani pale.

Kuna pia maswali manne ambayo wanachama hujipima nayo kabla ya kusema au kutenda: je, jambo hili ni la kweli, ni la haki kwa wote wanaohusika, litajenga urafiki, litawafaa wote? Aliyeyatunga ni Herbert Taylor, mwaka 1932, alipokuwa akihangaika kuiokoa kampuni ya vyombo vya jikoni iliyokuwa inaelekea kufilisika. Yaani ni kanuni iliyotoka kwenye deni, wala haikutoka mimbarini.

Na kuna tarehe. Kila Julai 1, siku ileile Serikali ya Tanzania inapofungua mwaka mpya wa fedha, rais wa klabu huachia kiti. Awe alifanya maajabu au alilala, mwaka wake umekwisha. Wanaofahamu vyama vyetu vya ushirika, timu zetu za mpira na kamati zetu za misikiti na makanisa wanajua ni mara ngapi mwenyekiti huzeeka na kiti. Sheria hii ndogo imeiokoa Rotary na mengi, ingawa ina ubaya wake: rais mpya huja na mradi wake, na kisima cha mtangulizi hukosa wa kukiulizia.

Kwa miaka mingi meza ile haikuwa na wanawake. Klabu ya Duarte, California, ilipowaingiza mwaka 1977, ilivuliwa uanachama mwaka uliofuata. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 4 Mei 1987 iliamua kwamba vilabu haviwezi kuwazuia wanawake kwa sababu ya jinsia yao, na mwaka 1989 katiba ya Rotary ikabadilishwa duniani kote. Ilichukua mpaka Julai 2022 kwa mwanamke, Jennifer Jones wa Canada, kushika urais wa Rotary duniani. Kwa Mtanzania habari hii inachekesha kidogo. Huku kwetu upatu, VICOBA na vikundi vya kufa na kuzikana vingesambaratika ndani ya wiki moja kama wanawake wangeondoka.

Afrika imetoa marais wachache wa Rotary duniani. Jonathan Majiyagbe wa Nigeria aliongoza mwaka 2003 hadi 2004. Sam Owori wa Uganda alichaguliwa ili ashike nafasi hiyo Julai 2018, lakini alifariki Julai 2017 kabla ya kuapishwa. Msiba wake ulikuwa pia wa vilabu vya Tanzania, kwani wakati huo nchi hizi mbili zilikuwa wilaya moja ya Rotary.

Katika kazi zote za Rotary, moja imezidi nyingine kwa gharama, nayo ndiyo iliyofika mkoani Songwe. Mwaka 1979 Rotary iliahidi kuwachanja watoto milioni 6 wa Ufilipino dhidi ya polio. Mwaka 1985 ikatangaza kampeni ya dunia nzima, ikilenga kuchangisha dola milioni 120. Kufikia 1988 zilikuwa zimepatikana milioni 247. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani na washirika wake wakajiunga katika mpango mmoja. Wakati huo polio ilikuwa ikipooza watu wapatao 350,000 kila mwaka katika nchi zaidi ya 120.

Kwa nini polio, na si malaria, ambayo imeua wengi zaidi? Sababu iko kwenye chanjo yenyewe. Matone ya Albert Sabin hayahitaji sindano. Mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi anaweza kumdondoshea mtoto matone mawili ulimini na kwenda nyumba ya pili. Klabu za watu wasio waganga zilihitaji hasa kazi ya namna hiyo.

Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, na mwaka 2015 ikatambuliwa kuwa imeitokomeza. Agosti 25, 2020, bara zima la Afrika likatangazwa kuwa huru dhidi ya virusi vya asili. Watu wakapumua. Kisha Februari 2022 ikaja taarifa kutoka Malawi: mtoto wa Lilongwe alikuwa amepooza Novemba iliyotangulia, na kirusi chake kilikuwa na nasaba ya Pakistan.

Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, inatazamana na Malawi ng'ambo ya mto Songwe, na Tunduma ni lango ambalo watu hupita usiku na mchana. Kwa hiyo kampeni ya kwanza ya dharura haikungoja nchi nzima. Machi 24 hadi 27, 2022, ilifanyika katika mikoa minne tu: Songwe, Mbeya, Njombe na Ruvuma. Awamu ya Tanzania nzima ilianza Mei 18, ikilenga watoto zaidi ya milioni 10, na nyingine zikafuata mwaka huohuo. Mwaka uliofuata virusi vya polio vya aina nyingine, vinavyotokana na chanjo, vilibainika Rukwa, na Septemba 2023 wachanjaji wakarudi Songwe, safari hii pamoja na Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera na Mbeya, wakiwafuata watoto hadi chini ya miaka 8.

Mtu akitaka kuelewa fedha za polio zinakwenda wapi, aangalie boksi la barafu begani mwa mhudumu wa afya. Ndani mna vichupa, na juu ya kila kichupa kuna alama ndogo: duara, na ndani yake mraba mweupe. Joto likiingia, mraba unageuka rangi polepole. Ukifanana na duara au ukalizidi weusi, kichupa hutupwa, hata kama kimejaa. Mtoto akishapata matone huchorwa wino kwenye kidole kidogo, na mlango hutiwa alama ya chaki ili msimamizi anayefuata ajue.

Sasa fikiria kazi hiyo Mbangala. Kata hii iko wilaya ya Songwe, ambayo kabla ya mkoa kuundwa mwaka 2016 ilikuwa sehemu ya Chunya, katika ukanda wa dhahabu wa Lupa, upande wa Ziwa Rukwa. Makao ya wilaya ni Mkwajuni. Wachimbaji wadogo huhama wakisikia kuna mwamba mzuri mahali pengine, na wafugaji hufuata malisho. Mlango wa turubai haushiki chaki. Mchanjaji wa hapa hutegemea mwenyekiti wa kitongoji na mama lishe wa machimboni, ambaye anajua nani amehamia jana akiwa na watoto wangapi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kugongewa kengele wala kutozwa faini na sajenti, ila bila wao zile dola zaidi ya bilioni 2 ambazo Rotary imechangia katika polio zingeishia kwenye jokofu la Vwawa, makao ya mkoa.

Miradi mingine ya vilabu vya Tanzania ni midogo na ya kawaida, ya maji, vyoo vya shule, vitabu, upandaji miti. Inayoonekana zaidi ni mbio za Rotary za Dar es Salaam, ambazo zimekuwa zikifanyika Oktoba 14, Siku ya Nyerere, na hukusanya fedha za miradi.

Upungufu mmoja hauwezi kufichwa. Ada, chakula cha hoteli na mazungumzo ya Kiingereza vimeifanya klabu kuwa ya mjini, na ya wachache hata hukohuko mjini. Mwaka 2016 Rotary ilivilegezea vilabu masharti, vikaruhusiwa kukutana mara mbili tu kwa mwezi na kujipangia namna ya kukutana. Lakini kwa kata kama Mbangala kuna mlango wa zamani zaidi unaotumika kidogo mno: vikundi vya jamii vya Rotary, vilivyoanzishwa mwaka 1986. Kikundi huhitaji watu wazima wasiopungua 10, wasio wanachama wa Rotary, wanaoishi mahali pamoja na kuchagua wenyewe tatizo la kushughulikia. Klabu hudhamini na kuwaunganisha na wataalamu. Hakuna chakula cha hoteli. Kikundi cha VICOBA chenye daftari lake la mahudhurio, sanduku lake la kufuli tatu na faini zake za wachelewaji kina karibu kila kitu kinachotakiwa, isipokuwa barua ya klabu itakayokubali kukidhamini.