Jeti ya Nairobi

Desemba moja, msimu wa maembe, nilimpelekea binamu yangu wa Kulesa pikipiki ya mtumba, cc 150. Kabla haijapakiwa kwenye lori nilipita kwa fundi mtaani, Nairobi. "Buda, ifungue ipumue," nikamwambia. Akang'oa boksi la ea klina, akaweka kichungi kidogo kilicho wazi. Jeti ya kabureta hakuigusa. Tulipoijaribu barabarani ilikuwa moto kweli kweli. Nikajiona mjanja.

Wiki ya pili ikanoki, kati ya Kulesa na Garsen, na magunia ya maembe nyuma.

Ili kuelewa kosa langu, rudi nyuma kidogo. Injini za kwanza za petroli hazikuwa na jeti. Petroli iliachwa ifuke, hewa ipite juu yake na kubeba mvuke. Mwaka 1893 Wilhelm Maybach, Mjerumani, alikuja na kabureta ya kunyunyiza: hewa inapita kwenye koo jembamba, inaongeza mwendo, kanieneo yake inashuka, na petroli inafyonzwa kupitia tundu dogo. Tundu hilo ndilo babu wa jeti, kile kiskurubu cha shaba ambacho fundi wako hukipuliza kwa mdomo.

Hesabu yake haina mchezo. Kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Ukitaka nguvu zaidi unaongeza petroli kidogo, hadi kama 13 kwa 1. Kwa hiyo ukifungua njia ya hewa, lazima na tundu la petroli lipanuke. Usipolipanua, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inachemka.

Sasa, mbona Nairobi ilienda vizuri? Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Jeti ileile huko inatoa petroli nyingi kupita kiasi. Kichungi cha wazi kikasawazisha mambo. Lakini Kulesa iko kwenye delta ya Tana, karibu sawa na bahari, na hewa yake ni nzito. Ushindi wangu wa mjini uligeuka ukame kule chini. Ongeza vumbi, ambalo kile kichungi kidogo hakikuweza kulizuia.

Pikipiki zenyewe ni wageni wa juzi pale. Boda boda ilianzia Busia, mpakani na Uganda, miaka ya 1960, kwa baiskeli. Kule Kulesa wazee wanakumbuka mitumbwi na baiskeli. Bajeti ya 2008 ilipoondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250, vijana kote nchini wakaanza kununua. Leo ndiyo inayobeba mahindi, mama mjamzito, na maembe yasiyosubiri mtu. Kwa binamu yangu, nguvu maana yake ni kupanda tuta la matope na mzigo, halafu kurudi nyumbani. Mbio za Thika Road hazimhusu.

Fundi wa Garsen, mzee mmoja mpole, alitoa plagi akanionyesha. Ilikuwa nyeupe kama chaki.

"Mwanangu, hii imekula hewa tupu. Nani aliitengeneza?"

"Nairobi, mzee."

"Basi ingebaki Nairobi."

Akarudisha boksi la ea klina, akabadilisha pistoni na ringi. Jeti akaweka kubwa kwa namba moja, kwa sababu binamu alitaka nguvu ya mzigo. Akaizungusha barabarani, akaizima, akatoa plagi tena. Safari hii ilikuwa ya kahawia, rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ndiyo rangi anayoitafuta kila fundi.

Pistoni nililipa mimi. Maembe hayakulipika: yalioza, na binamu alikosa kazi wiki nzima msimu ukiwa umepamba moto. Hakunigombeza. Alinipa tu simu yake niongee na shangazi, kisha akasema, "Kaka, siku nyingine niulize kwanza huku kukoje."

Ile jeti ya zamani ninayo bado, kwenye droo, Nairobi. Huku inafaa kabisa.