Mkulima, theluji na swali la picha ya kweli

Leo tuweke kando mambo ya seva na misimbo, tuzungumzie picha za makro, yaani picha za vitu vidogo zilizopigwa kwa karibu sana: jicho la nzi, chavua kwenye mguu wa nyuki, tone la umande juu ya jani la sukuma wiki. Simu nyingi za leo zinaweza kuzipiga. Lakini swali linalozisumbua picha hizi, kwamba je, tunachokiona ni cha kweli, ni la zamani kuliko kompyuta yoyote. Ili kulielewa, twende Marekani, mwaka 1885, nyumbani kwa mkulima mmoja.

Wilson Bentley alizaliwa tarehe 9 Februari 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont. Alipokuwa na miaka 15, mama yake alimpa hadubini kuukuu, naye akaanza kuangalia theluji. Wengi wetu theluji tunaijua kwa mbali tu, ile nyeupe kileleni mwa Mlima Kenya. Ukiikaribia, utakuta kila chembe ni fuwele ya barafu, na mara nyingi ina pande sita, kwa sababu molekuli za maji yanapoganda hujipanga kwa mtindo wa pembe sita.

Kijana alijaribu kuzichora. Haikufaa, maana fuwele ilitoweka kabla hajamaliza mchoro. Akawaomba wazazi wamnunulie kamera ya kuunganishwa na hadubini. Baba aliona ni upuuzi, lakini kamera ikapatikana. Tarehe 15 Januari 1885, kabla ya kutimiza miaka 20, Bentley alipata picha yake ya kwanza iliyofaulu.

Utaratibu wake ulikuwa hivi:

1. Anakinga theluji kwa ubao mweusi.
2. Anachagua fuwele, anaihamisha kwa kijiti chembamba hadi kwenye kioo, na kuilaza vizuri kwa unyoya.
3. Anabana pumzi, maana joto la pumzi lingeiyeyusha.
4. Anapiga picha, mwanga ukipita katika fuwele, ndani ya chumba kisicho na moto, kwenye baridi kali.

Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 40 na kukusanya picha zaidi ya 5,000, huku akiendelea na ukulima. Nakala za picha za vioo aliziuza kwa senti 5 kila moja. Subira huvuta heri, ila kwake heri haikuja kwa umbo la pesa.

Ugomvi wenyewe

Sasa tufike penye utata. Mwanga ulipopita katika fuwele, mandhari ya nyuma yalitoka meupe na umbo halikuonekana vizuri. Kwa hiyo Bentley alitengeneza nakala ya negativu, akachukua kisu kidogo, na kukwangua utando wa kemikali kuzunguka fuwele. Ilipochapishwa, fuwele ilisimama peke yake juu ya weusi mtupu.

Ujerumani, mtaalamu wa hali ya hewa Gustav Hellmann hakupendezwa. Yeye alikuwa amefanya kazi na Richard Neuhauss, daktari na mpiga picha, na mwaka 1893 alitoa kitabu kuhusu fuwele za theluji chenye picha za Neuhauss. Katika picha hizo, fuwele nyingi zilikuwa na kasoro: mkono mmoja mfupi, mwingine umevunjika. Za Bentley zilikuwa nadhifu mno. Hellmann akamshutumu kwamba kisu chake kimeharibu kingo za fuwele.

Nani alikuwa sahihi? Kwa maoni yangu, wote wawili, kila mtu kwa upande wake. Bentley aliacha negativu asili bila kuigusa na kufanyia kazi nakala. Sisi waandishi wa programu tunaijua kanuni hiyo: usihariri data asili. Yeyote mwenye shaka angeweza kulinganisha. Lakini kulikuwa na jambo zito kuliko kisu. Bentley alipenda fuwele nzuri, akaziruka nyingi zilizopinda. Kila picha ilionyesha fuwele halisi, ila ukizitazama zote pamoja utadhani theluji yote iko hivyo. Kitabu chake cha mwaka 1931, alichotoa pamoja na W. J. Humphreys, kilikuwa na picha zaidi ya 2,400. Bentley alifariki tarehe 23 Desemba mwaka huo huo. Vizazi vimekua vikiamini kwamba kila chembe ya theluji ina ulinganifu kamili. Kumbe nyingi hazina.

Kisu cha leo

Ukimkaribia mdudu kwa kamera, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba sana: macho wazi, mbawa ukungu. Bentley alibahatika, kwani fuwele nyingi ni bapa. Sisi hupiga picha nyingi, kila moja fokasi ikisogea kidogo, kisha programu kama Enfuse, ambayo ni huria, huziunganisha. Kwa kila pikseli, programu hupima ni picha ipi yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza mahali hapo, na kuipa hiyo uzito zaidi. Matokeo hupendeza. Lakini hiyo si picha ya sekunde moja, na mdudu akisogeza papasi katikati ya kazi, anaweza kuishia na papasi za ziada.

Je, hili lina madhara? Fikiria kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa Kenya mwaka 2017 akila mahindi. Hutambuliwa kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia. Mkulima akimpiga picha kwa simu na kumtumia afisa wa kilimo, uamuzi wa kununua dawa au la unategemea alama zenye upana usiofika milimita chache. Simu ikilainisha picha ili ipendeze, Y inaweza kufifia, na shamba likalipa gharama.

Kwa hiyo tuchukue mambo matatu kutoka Jericho. Hifadhi picha asili. Sema ulichobadilisha. Na la tatu, ambalo Bentley hakulitimiza: onyesha pia zile zilizopinda. Picha moja inaweza kuwa ya kweli kabisa, na mkusanyiko mzima ukapotosha.

Haya, kwaherini kwa leo. Chukueni simu zenu mkawatazame siafu, ila msimame mbali na msafara wao.