Tabia ngumu za watoto wadogo katika vituo vya malezi (Lubumbashi)

Tabia ngumu za watoto wadogo katika vituo vya malezi ni mienendo kama kuuma, kupiga, kunyang'anya, kujitupa chini kwa hasira na kulia kwa muda mrefu wakati wa kuachwa. Huonekana kwa watoto wa mwaka 1 hadi 4 wanaolelewa mchana mbali na nyumbani. Lubumbashi, makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo, walezi hukutana nazo katika kreshi, katika shule za chekechea ziitwazo maternelle na nyumbani kwa majirani wanaolea kwa malipo. Nyingi ni hatua ya kawaida ya ukuaji. Mjini humo huweza kuongezwa nguvu na tofauti ya lugha na ya malezi kati ya nyumbani na darasani, hivyo dawa yake hutegemea mapatano kati ya mzazi na mlezi kuliko adhabu.

Historia ya malezi ya mchana

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya shaba ya Union Minière iliwakalisha wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto. Ilitoa nyumba, posho, zahanati za mama na mtoto, na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Malezi yakawa pia shughuli ya mwajiri. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alichunguza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 2001, ambacho jina lake linawaita wana wa Shaba watoto walioachwa na baba yao.

Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, ilidhoofika katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Mapato ya akina mama sokoni yakawa tegemeo la nyumba nyingi, na mtoto akabaki kwa bibi, kwa dada mkubwa au katika maternelle ya kanisa au ya mtu binafsi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaipa maternelle miaka 3. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ilihusu shule za msingi za umma. Ada za chekechea zikabaki mzigo wa wazazi.

Sababu

Kati ya mwaka 1 na 3 mtoto ana matakwa mengi kuliko maneno. Kuuma hutokea sana katika mwaka wa pili, na hupungua kadiri usemi unavyokua. Lubumbashi huongeza jambo moja: nyumbani mtoto husikia Kiswahili cha mji, pengine pamoja na Kiluba au Kibemba, lakini maternelle nyingi hufundisha kwa Kifaransa. Aliyekwisha kujifunza kusema «nipe» anajikuta hana neno, anarudi kwenye mkono na meno.

Kilio cha kuachwa, ambacho husikika zaidi mwaka wa shule unapoanza mwezi wa Septemba, kina chanzo kingine. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyechunguza familia 26 karibu na Kampala katika miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo mwaka 1967, alionyesha kwamba mtoto mchanga humtumia mama kama kituo salama cha kuondokea ili achunguze mazingira na kukirudia. Anayelia mama akiondoka haonyeshi utundu. Anaonyesha kwamba bado hajampata mtu wa kumtegemea mahali pale.

Njaa, usingizi mfupi, malaria na maumivu ya sikio huleta hasira pia.

Namna ya kushughulikia

Mlezi humzuia mtoto papo hapo, humtuliza kwanza aliyeumizwa, kisha humpa mkosaji neno alilolikosa: «Unataka motokaa. Sema: nipe.» Maneno hayo huwa na nguvu yakisemwa kwa Kiswahili, na sheria ya 2014 yenyewe inaruhusu lugha za taifa kutumika kufundishia. Kumuuma mtoto ili aonje uchungu humfundisha kwamba kuuma kunaruhusiwa kwa mwenye nguvu.

Saa na mahali pa kila tukio huandikwa. Kuuma kukirudi kila siku kabla ya bukari (ugali) ya mchana, huenda kinachohitajika ni chakula cha mapema. Kwa kilio cha kuachwa, mzazi hukaa kidogo siku za kwanza, huaga waziwazi bila kutoroka, na mlezi yuleyule humpokea mtoto kila asubuhi. Mzazi aelezwe tukio faraghani, si mlangoni mbele ya wenzake. Anayeaibishwa huenda akampiga mtoto nyumbani kwa kosa ambalo mtoto amekwisha kulisahau.

Dalili za kumpeleka kwa daktari

Mtoto wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, asiyegeuka akiitwa, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, apimwe masikio na ukuaji. Mji wa viwanda vya kuyeyusha madini una hatari nyingine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta risasi, kobalti na metali nyingine kwa wingi zaidi katika mkojo wa watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda. Risasi hudhuru ubongo unaokua na huweza kusababisha utukutu na kukosa utulivu. Hugunduliwa kwa kupima damu. Kituoni, kunawa mikono kabla ya kula na kupangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, hasa wakati wa vumbi la kiangazi, hupunguza kiasi kinachoingia mdomoni.

Sheria

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka nidhamu shuleni na nyumbani itolewe kwa namna inayomheshimu mtoto kama binadamu. Sharti hilo linamhusu mlezi wa kreshi sawa na mzazi.