Gari la mtoto, ushindi wa baba

Leo nataka tuzungumzie akina baba na watoto wao, ila si kwa mtindo wa mahubiri. Mahubiri tumeyasikia ya kutosha: baba wahi nyumbani, baba zima televisheni, baba kaa na mwanao. Ushauri mzuri, lakini haumwambii mtu afanye nini akishakaa na huyo mtoto. Waangaliane mpaka saa ngapi? Ndiyo maana nimepekua historia ya michezo miwili iliyobuniwa Marekani karne iliyopita, ambayo imewaweka akina baba na watoto wengi sana mbele ya ubao mmoja, msumeno mkononi. Ni historia yenye vituko na udanganyifu, na ina swali ambalo naona linatuhusu hata sisi: baba akimsaidia mwanawe kazi, aishie wapi?

Inaanza na mtu wa magazeti, jambo ambalo kama mwanahabari limenifurahisha. Mwaka 1933 Marekani ilikuwa imebanwa na mdororo mkubwa wa uchumi. Viwanda vimefungwa, watu hawana kazi. Katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Myron Scott, mpiga picha wa gazeti la Dayton Daily News, aliwakuta wavulana wakishindana kuteremka mtaani na vigari visivyo na injini, walivyojitengenezea wenyewe. Akawaambia warudi wiki inayofuata na wenzao, naye ataleta zawadi. Wakaja 19. Scott akalishawishi gazeti lake lidhamini shindano kubwa zaidi, na tarehe 19 Agosti mwaka huohuo wakajitokeza watoto 362. Watazamaji walikadiriwa kufika 40,000! Hakuna injini, hakuna mafuta. Mteremko tu.

Mwaka 1934 likawa shindano la taifa zima, likaitwa All-American Soap Box Derby, kwa sababu vigari hivyo vilihusishwa na makasha ya mbao yaliyokuwa yakipakiwa sabuni. Mwaka 1935 likahamia Akron, Ohio, mji maarufu kwa viwanda vya matairi, na mwaka 1936 likajengewa barabara yake maalumu ya mteremko, Derby Downs. Kampuni ya Chevrolet ikawa mdhamini kwa miaka mingi.

Najua kuna msomaji hapa ameshaanza kutabasamu. Nani kati yetu hakuendesha gari la waya lenye matairi ya kandambili? Tofauti ni kwamba mitaani kwetu baba hakuwa na habari nalo, mpaka siku alipotafuta kandambili zake akakuta moja imekatwa.

Kule Marekani baba alikuwepo, na hapo ndipo utamu na matatizo yalipoanzia. Kanuni ya msingi ilikuwa kwamba gari lijengwe na mtoto mwenyewe. Baba angeweza kuelekeza, lakini mikono iwe ya mtoto. Sasa niambie, baba gani fundi atakaa pembeni akimtazama mwanawe anapinda msumari?

Mwaka 1953 akatokea baba mwingine huko Manhattan Beach, California. Anaitwa Don Murphy, mfanyakazi wa kampuni ya ndege ya North American Aviation, na kiongozi wa kikundi cha Cub Scouts, yaani skauti wale wadogo. Mwanawe alikuwa na miaka 10, na umri huo ulikuwa haumruhusu kuingia Soap Box Derby. Murphy hakumwambia mtoto asubiri akue. Akabuni shindano jingine, la magari madogo ya kuchonga. Kila mtoto anapewa kipande cha mti wa msonobari, magurudumu manne na misumari minne ya kushikia magurudumu. Anachonga, anapiga msasa, anapaka rangi, kisha magari yanaachiwa juu ya njia ya mbao yenye mteremko, yateremke kwa uzito wake tu.

Shindano la kwanza lilifanyika tarehe 15 Mei 1953 na likapewa jina la Pinewood Derby. Nia ya Murphy, kama alivyoieleza mwenyewe baadaye, ilikuwa kuwaleta karibu baba na mtoto kupitia kazi ya mikono, na kuwafundisha watoto kushindana kiungwana. Skauti wa Marekani wakaupokea mchezo huo nchi nzima, na mpaka leo bado unachezwa.

Angalia werevu wa yule mzee. Kazi ni ndogo, inamalizika kwa jioni chache. Vifaa ni vilevile kwa wote, na uzito wa gari umewekewa kikomo, kwa kawaida wakia 5, ambazo ni kama gramu 142. Mtoto wa tajiri na mtoto wa fundi bomba wanaanza na kipande kilekile cha mti.

Lakini wapi! Akina baba wakaanza kutafuta mbinu. Misumari ikang'arishwa mpaka iteleze, unga wa grafiti ukamwagwa kwenye magurudumu, vipande vya risasi vikachomekwa kwa vipimo vya kitaalamu. Mtoto akabaki na kazi ya kuchagua rangi. Mambo yalifika mahali mwaka 2005 ikatoka filamu ya vichekesho, Down and Derby, inayowacheka akina baba wanaogombania ushindi wa magari ya watoto wao.

Kichekesho hicho kilikuwa kimeshawahi kuwa aibu ya kweli. Turudi Akron, Agosti 1973. Mvulana wa miaka 14 kutoka Boulder, Colorado, alishinda Soap Box Derby, lakini watu walishangaa namna gari lake lilivyokuwa likichomoka mwanzoni. Wakaguzi wakalipiga picha ya eksirei, na ndani ya pua ya gari wakakuta sumaku ya umeme. Pale pa kuanzia magari huegemea bamba za chuma, ambazo huanguka mbele ili kuyaachia. Mvulana akiegemeza kichwa nyuma anabonyeza swichi, sumaku inaamka, inavutwa na lile bamba linaloanguka, na gari linachomoka kabla ya wenzake. Siku mbili baada ya kushinda akanyang'anywa ubingwa.

Sumaku ile haikuwa utundu wa mtoto peke yake. Mlezi wake, mhandisi mwenye fedha, alikiri kuhusika. Mtoto wa huyo mlezi ndiye aliyekuwa bingwa wa mwaka uliotangulia. Utetezi wake ulikuwa kwamba udanganyifu umeenea, wazazi wengi wanawajengea watoto wao magari, kwa hiyo naye alitaka kuwa sawa na wengine. Unausikia utetezi huo? Ni uleule tunaousikia kila siku: kila mtu anafanya.

Kinachoniuma mimi ni yule kijana. Magazeti yaliandika jina lake, si la sumaku. Mtu mzima ndiye aliyeutaka ushindi, na mtoto akabeba aibu.

Mashindano hayakufa. Mwaka 1975 msichana wa miaka 11, Karren Stead, akawa bingwa wa kwanza wa kike, miaka minne tu tangu wasichana waruhusiwe kuingia. Mwaka 1976 likaanzishwa kundi la wadogo wanaotumia vifaa vya kuunganisha vinavyofanana, ili fedha na ufundi wa wazazi visiamue mshindi. Kwa upande wa skauti nako, vikundi vingi viliona dawa ni kuwaanzishia akina baba shindano lao wenyewe. Wenye kiu ya ushindi wakashindane huko, watoto waachwe na magari yao.

Kwa nini nasema linatuhusu? Tazama kazi za mikono ambazo watoto wanapewa shuleni wakazifanye nyumbani. Inaondoka kazi ya mtoto Ijumaa, Jumatatu inarudi imekatwa kwa rula, imechapwa kwa kompyuta ya ofisini kwa baba. Alama 20 kati ya 20. Za nani?

Wikendi hii, baba mwenye mtoto, au kaka mwenye mdogo wake, atafute waya na kandambili mbovu, au karatasi na vijiti vya chelewa vya kutengenezea tiara. Mtoto ashike koleo, wewe shika waya usicheze. Akikosea, mwache akunje upya. Gari likienda upande, liende upande. Ni la kwake.

Swali langu kwenu: ni kitu gani mliwahi kutengeneza na baba, na nani alishika nyundo?