Meza ya Watu Wanne

Kuna vitu ambavyo mtu huvitazama kila siku asivione, mpaka ajue vilitoka wapi. Kwangu mimi kitu hicho kilikuwa kioo cha kompyuta chenye picha ya meza ya kijani, na juu yake kete ndogo ndogo zilizopangwa kwa mistari. Mwaka 2020 nilikaa mbele ya kioo hicho siku nyingi, nikiwa mkono na jicho la mtu mwingine.

Nilikuwa New Jersey, Marekani, nikimtunza mama mmoja wa Kiyahudi aliyekwisha kupita miaka 90. Nitamwita Bibi, kama nilivyozoea. Kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa akicheza mah jongg kila Jumanne pamoja na wenzake watatu. Machi ya mwaka ule ugonjwa wa korona ukafunga milango. Jumanne ya kwanza Bibi aliuliza saa ngapi. Jumanne ya pili hakuuliza. Ya tatu hakutaka kuvaa wala kula, nami nikaingiwa na hofu, kwani nimepata kuona wazee wakizimika hivyo bila maradhi yoyote, kwa kukosa tu wa kuzungumza naye.

Basi mmoja wa wale wenzake akapiga simu, akasema kwamba mchezo wao unaweza kuchezwa kwa kompyuta. Mimi kwa haraka yangu nikautafuta, nikaupata, nikamwita Bibi kwa furaha. Macho yake yalikuwa yamefifia, akasogeza uso karibu na kioo. Aliona rundo la kete na mkono wangu ukiziondoa mbili mbili zinazofanana.

"Watu wako wapi?" akauliza.

Swali hilo lilikuwa na maana kuliko nilivyojua. Nilichokuwa nimekipata ni mchezo wa mtu mmoja, uliotungwa na Brodie Lockard mwaka 1981 kwa ajili ya mtambo wa kompyuta ulioitwa PLATO, kisha ukauzwa na kampuni ya Activision mwaka 1986 kwa jina la Shanghai. Ulikuwa umeazima sura za kete tu. Mah jongg yenyewe ni mchezo wa Kichina wa karne ya 19, na huchezwa na watu wanne wanaotazamana.

Mwenzake yule akanielekeza kwenye programu iliyo sahihi, lakini nayo nikapotea ndani yake. Kulikuwa na mishale, visanduku vitatu vitupu, namba pembeni, na kete zilizotokea na kutoweka kabla sijazitambua. Kuuliza si ujinga, nikamwuliza Bibi. Hakuitazama kompyuta hata kidogo. Alinituma kabatini nilete sanduku lake, akamwaga kete mezani, akaanza kunifundisha kwa vidole.

Jioni zile alinisimulia pia habari za mchezo, na mengine nikayasoma mwenyewe baadaye. Joseph Park Babcock, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi China katika kampuni ya mafuta ya Standard Oil, alichapa kitabu cha sheria zilizorahisishwa mwaka 1920. Tahajia ile yenye "g" mbili ni ya jina lake la biashara. Muda si mrefu Marekani nzima ikashikwa na wazimu wa mchezo huo, hata mifupa ya ng'ombe kutoka machinjio ya Marekani ikapelekwa China kwa meli ili ichongwe kete. Na hayo yalitokea katika nchi ambayo tangu 1882 ilikuwa na sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, sheria iliyokuja kufutwa mwaka 1943. Kete zilipendwa, mchongaji hakutakiwa. Mimi niliyekuja kufanya kazi ugenini nilisoma habari hiyo mara mbili.

Wazimu ule ulipopoa, kila nyumba ilibaki na sheria zake. Mwaka 1937, mjini New York, wanawake, wengi wao Wayahudi, wakaunda chama kiitwacho National Mah Jongg League ili wote wacheze mchezo mmoja. Chama hicho hutoa kadi mpya kila mwaka, inayoonyesha mikono inayoruhusiwa kushinda. Bibi aliibandika kadi ya 2020 ukutani kando ya kompyuta, na mimi nikawa namsomea.

Kuanzia hapo nikaanza kukielewa kioo kwa njia ya meza. Kete 13 zilizokuwa chini ya kioo zilikuwa zile zilizoegemezwa kwenye kibao mbele ya Bibi, ambazo mwingine hazioni. Majina matatu, kulia, mbele na kushoto, yalikuwa viti vya wenzake, na zamu huenda kwa wa kulia. Namba ya pembeni ilikuwa ukuta. Mezani kila mchezaji hujenga ukuta wa kete 19, za tabaka mbili, jumla 152. Mashariki, ambaye ndiye mwanzilishi, huchukua 14 na wengine 13 kila mmoja, zikabaki 99. Ndiyo maana namba ile ilianzia 99 na kupungua.

Vile visanduku vitatu vilikuwa Charleston, jina la dansi ya miaka ya 1920. Kabla ya kuanza, kila mtu humpa jirani kete tatu asizozitaka: kwanza wa kulia, kisha wa mbele, kisha wa kushoto. Mzunguko wa pili hufanyika wote wakikubali. Kuna jokeri 8, ambazo husimama mahali pa kete nyingine, lakini si katika jozi, na ni mwiko kuzipitisha katika Charleston. Nilipojaribu, kompyuta ilikataa. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Lakini Jumanne yetu ya kwanza ilikuwa chungu. Bibi alikuwa akijenga mkono wa mwaka, 2020, ambao sifuri zake huwakilishwa na Joka Jeupe. Kete hiyo ina fremu tupu, nao huiita Sabuni. Mwenzake mmoja akaitupa. Mezani, kete iliyotupwa huweza kudaiwa mpaka mchezaji wa zamu aweke kibaoni kete aliyookota, au atupe yake. Kwenye kioo nafasi hiyo ilikuwa kitufe kilichodumu sekunde chache. Nilipokuwa nikitamka "Sabuni", tayari ilikuwa imepita.

Bibi akasukuma kiti nyuma. "Siwezi. Huu si mchezo wangu tena."

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi nimekulia Tanga, ambako dhumna hupigwa barazani kwa kishindo na maneno, na aliye uchochoroni hujua nani anashinda bila kuchungulia. Nikagundua kilichokosekana kwenye kioo kile. Sheria ya mah jongg yao humtaka mtu ataje kwa sauti kila kete anayoitupa. Kompyuta ilikuwa imehifadhi ukuta, vibao, Charleston na jokeri, ikaacha sauti, kwa kuwa mwenye macho haihitaji.

Asubuhi nikawapigia simu wote watatu. Tukakubaliana kwamba simu ziwe wazi mezani muda wote wa mchezo, kila mtu ataje kete yake, na asiitupe ya kwake kabla Bibi hajasema "endelea". Wakakubali mara moja. Kumbe nao walikuwa wamechoka na ukimya.

Jumanne iliyofuata Bibi alisikiliza. Mkono wake niliushika mimi kwenye kompyuta, lakini kutaja kete ilikuwa kazi yake, kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio. Alianza hata kusikia nisiyoyaona. "Huyo amesita," aliniambia kwa kunong'ona. "Anahitaji Mianzi, usimpe." Alishinda mkono mmoja siku ile, akala chakula chote.

Walicheza hivyo zaidi ya mwaka. Majira ya baridi mmoja wao akafariki, wakawa watatu, na kiti cha nne kikawa kinajazwa na kompyuta yenyewe, isiyosita wala kucheka. Kiangazi cha 2021, wakiwa wamechanjwa, wakakutana tena sebuleni kwa Bibi. Meza iliandaliwa, kete zikachanganywa kwa ile sauti yake ya mvua ya mawe, nami nikageuka kwenda jikoni.

"Kaa," Bibi akasema. "Tuko watatu."

Nikakaa. Mikono yangu ilitetemeka kujenga ukuta ambao siku zote niliuona kama namba. Ilipofika zamu yangu nikatoa kete, nikaiweka katikati kimya kimya, kama nilivyozoea kwenye kioo. Wote watatu wakanigeukia, wakangoja.

"Itaje, mwanangu," Bibi akasema.

Nikaitaja.