Ramli, taroti na Kabala: Njia za kujitambua na mipaka yake mpakani Busia na Tororo

Kupiga ramli si jambo geni katika ukanda wa mpaka wa Kenya na Uganda. Siku hizi, kwa njia ya simu na intaneti, mkazi wa Busia au Tororo hufikiwa pia na mapokeo mawili yaliyotoka mbali: karata za taroti na Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi. Yote mawili hunadiwa kuwa njia ya mtu kujitambua na kuiendeleza nafsi yake. Mapokeo haya matatu yana asili tofauti, lakini yanakutana katika swali moja: mtu afanye nini anapokwama maishani?

Ramli ya kitabu Bunyole

Bunyole, nchi ya Wanyole, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi mwaka 2005, ilipokuwa wilaya ya Butaleja. Mwanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte alianza utafiti wake huko mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1997 alichapisha kitabu kuhusu namna Wanyole wanavyokabiliana na maradhi, utasa na misiba.

Alikuta wapiga ramli wa aina mbili. Wapo ambao pepo husema kwa vinywa vyao, na wapo waitwao lamuli, neno lililo jamaa wa karibu wa "ramli" ya Kiswahili. Hawa hutumia vitabu vya Kiarabu na hesabu za majina. Sababu za msiba zinazotajwa ni pamoja na mizimu ya ukoo, pepo, uchawi, au laana ya mkubwa wa familia, kwa mfano mjomba au shangazi aliyenyimwa fungu lake la mahari.

Whyte anaonyesha kwamba mteja hapokei jibu kwa kunyamaza. Yeye na mpiga ramli hujadiliana. Hukubali, hukataa, huongeza habari za nyumbani. Tena jibu lenyewe ni la kujaribiwa: tambiko lisipofaa, watu hurudi kuuliza upya.

Herufi zenye thamani

Hesabu ya majina hujulikana pwani kama abjadi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, hadi ghaini ambayo ni 1000. Katika falaki ya Waswahili, jina la mtu hujumlishwa na la mama yake, jumla hugawanywa kwa 12, na baki huonyesha nyota. Kwa mfano, Ali ni 110 (aini 70, lamu 30, ye 10) na Mariamu ni 290. Jumla ni 400; ikigawanywa kwa 12 hubaki 4, na nyota ya nne ni Saratani, yaani Kaa.

Kiebrania nacho kina hesabu kama hiyo: alefu ni 1, beti ni 2, gimeli ni 3. Neno la Kiebrania lenye maana ya "hai" lina thamani ya 18, na ndiyo maana Wayahudi wengi hutoa sadaka kwa mafungu ya 18.

Kabala ni nini?

Kabala ilichipuka katika karne ya 12 na ya 13 miongoni mwa Wayahudi wa kusini mwa Ufaransa na wa Hispania. Kitabu chake kikuu, Zohari, kilianza kuenea Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Hufundisha kwamba Mungu asiye na mwisho hudhihirika kwa sifa 10 ziitwazo sefiroti, miongoni mwake hekima, ukarimu na ukali wa hukumu.

Matumizi yake katika kuilea nafsi huonekana katika siku 49 za kuhesabu Omeri, kati ya Pasaka ya Kiyahudi na sikukuu ya Shavuoti. Sifa saba za chini huoanishwa siku baada ya siku, na mtu hujihoji: je, ukarimu wangu una mipaka? Je, ukali wangu una huruma?

Wayahudi si wageni katika eneo hili. Jumuiya ya Abayudaya, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ina makao yake Nabugoye, karibu na Mbale, kaskazini mwa Tororo. Hata hivyo, Kabala ya jadi ni elimu ya dini inayosimama juu ya Torati na sala; si biashara ya ubashiri.

Taroti ilitoka wapi?

Taroti ilianza kama mchezo wa karata kaskazini mwa Italia katika karne ya 15. Seti kamili ina karata 78: 56 za mafungu manne, na 22 zenye picha kama Mpumbavu, Kifo na Jua. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin alidai bila ushahidi kwamba zilitoka Misri ya kale. Katika karne ya 19 Mfaransa mwingine, Éliphas Lévi, alizioanisha karata hizo 22 na herufi 22 za Kiebrania, na hivyo akazihusisha na Kabala. Seti maarufu zaidi leo ilichapishwa London mwaka 1909, ikiwa na michoro ya Pamela Colman Smith.

Wanaoitumia kwa kujitambua hawaiombi itabiri. Huchomoa karata, huitazama picha, kisha huandika inachowakumbusha kuhusu hali yao, kikwazo chao na hatua inayofuata.

Tahadhari

Mwaka 1949 mwanasaikolojia Mmarekani Bertram Forer alichapisha jaribio lake: kila mwanafunzi alipewa maelezo ya tabia yake, na kwa wastani waliyapa alama zaidi ya 4 kati ya 5 kwa usahihi. Kumbe wote walikuwa wamepewa maelezo yale yale. Maneno ya jumla humwenea kila mtu.

Hatari kubwa zaidi ni kumnyooshea jirani kidole. Taroti ya leo humketisha mtu peke yake na karata zake. Ramli ya Bunyole humrudisha kwa watu wake. Inapomkumbusha deni la mjomba, huenda ikaleta suluhu. Inapomtaja mchawi, huweza kuvunja ukoo au kuleta umwagaji damu. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 na ile ya Uganda ya mwaka 1957 zote zinaweza kufanya tuhuma za uchawi kuwa kosa, isipokuwa zikipelekwa kwa mamlaka husika. Dini nazo zina msimamo: Kumbukumbu la Torati sura ya 18 na Qurani, sura ya 5 aya ya 90, hukataza kupiga ramli.

Busia na Tororo ni maeneo yenye malaria nyingi, na degedege la mtoto mara nyingi limedhaniwa kuwa pepo. Homa kali haingojei ramli wala karata. Mahali pake ni kituo cha afya, siku hiyo hiyo.

Kwa mengine, kipimo ni kile jibu linachomtuma mtu kufanya. Likimtuma kulipa deni, kuomba radhi au kurekebisha tabia yake, amejifunza jambo kuhusu nafsi yake. Likimtuma kumtafuta adui, kujitambua kumekoma hapo.