Mzigo Umepimwa, Dereva Bado

Ukitoka Kisangani, mashariki mwa Kongo, kwa barabara ya taifa namba 3 kuelekea Bukavu, unakata msitu karibu kilomita 240 kabla ya kuingia Lubutu. Ukiendelea kuelekea Walikale utakuta vipande vya lami vya enzi za Mobutu, vinyoofu na vipana kiasi kwamba ndege zimewahi kuvifanya uwanja. Mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997, wakati wa kambi ya wakimbizi wa Rwanda, ndege za misaada zilitua barabarani hapo Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Miaka iliyofuata ndege ndogo zikawa zinatua juu ya lami ya Kilambo, upande wa Walikale, kuchukua kasiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie. Lakini ukiiacha barabara hiyo na kushika njia ya kusini, ya Punia hadi Kindu, unaingia kwenye udongo wa ikweta, ambako mvua moja ya usiku inatosha kugeuza kilima kuwa utelezi na bonde kuwa dimbwi.

Pikipiki moja hukutana na barabara zote hizo ndani ya juma moja. Anayeipanda anataka mambo matatu kwa pamoja: afike mbali, afike mapema, na afike na mzigo wake. Haja hiyo si ya Maniema, mkoa wa Lubutu, peke yake. Ulaya, Japani na Marekani haja hiyo hiyo imezaa aina maalumu ya pikipiki, zile kubwa za safari ndefu zenye mwendo wa kasi, pamoja na utamaduni mzima wa kuitengeneza pikipiki imkae mwenyewe. Nimeuweka utamaduni huo na ule wa Lubutu ubavu kwa ubavu, kwa sababu naamini Lubutu ina la kujifunza huko, na pia kwa sababu desturi ya kukitengeneza chombo kimkae anayekitumia tulikuwa nayo zamani tukaiacha njiani.

Utamaduni wa wenzetu ulikomaa miaka ya 1970. Nchini Marekani, Craig Vetter alianza kuuza kava la mbele la kukinga upepo ambalo mtu aliweza kulifunga kwenye pikipiki aliyokuwa nayo tayari. Mwaka 1976 Kenth Öhlin alianzisha Sweden kampuni ya shokapu. Mwaka huo huo BMW ilitoa R100RS, yenye kava kamili lililobuniwa kwa majaribio ndani ya handaki la upepo. Mwaka 1978 Giuseppe Visenzi, mwanamashindano wa Italia, alianzisha Givi, ambayo leo inajulikana kwa masanduku ya pembeni na ya nyuma. Baadaye zikaja Honda ST1100 na Yamaha FJR1300. Ukiyatazama mambo hayo kwa pamoja, utaona kila moja linajibu malalamiko ya kiungo fulani cha mwili: kifua kilichochoka kupigwa na upepo, mgongo uliochoka kurushwa, mabega yaliyochoka kubeba begi.

Ndiyo maana mpanda pikipiki wa huko anaponunua pikipiki ya maelfu ya dola haridhiki nayo kama ilivyotoka kiwandani. Hutazama kwanza sehemu tatu zinazoushika mwili wake: usukani, kiti na makanyagio. Mrefu huinua usukani kwa vipande vya chuma na kushusha makanyagio ili magoti yapumue. Mfupi huchonga sponji ya kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse chini. Mikono ya breki na klachi huzungushwa mpaka kiganja kifuate mstari wa mkono, kisijikunje juu wala chini. Kisha hugeukia springi. Rafiki mmoja hushika futi ya fundi seremala, mwingine huinyanyua pikipiki hadi gurudumu la nyuma linaning'inia, na umbali kati ya ekseli na sehemu fulani ya mkia huandikwa. Mwenye pikipiki hupanda akiwa na mavazi yake ya safari, umbali hupimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi ambacho springi imelala chini ya uzito wa pikipiki na mpandaji, na kwa pikipiki za barabarani hutakiwa kuwa milimita 30 hadi 40, yaani takriban theluthi ya safari yote ya gurudumu. Ikizidi hapo, springi hukazwa. Ikipungua, hulegezwa. Kazi yote huchukua nusu saa, na gharama yake ni jasho.

Lubutu nako pikipiki haikai kama ilivyotoka kiwandani. Boxer au TVS mpya haimalizi juma bila kupitishwa kwa mchomeleaji. Keria ya kiwandani hutolewa, na mahali pake huchomelewa keria ya nondo, pana na ndefu, inayoishia mbali nyuma ya taa. Pembeni huongezwa vyuma vya kuegemezea madumu. Dumu moja la mawese la lita 20 lina karibu kilo 18, kwa hiyo madumu manne tu yanazidi kilo 70 kabla hujaweka gunia la mchele juu yake. Shokapu huongezewa jozi ya pili, au springi huzungushiwa vipande vya tairi zisigonge chini. Sproketi ya mbele yenye meno 14 ikibadilishwa na ya meno 13, nguvu ya kuvuta kilimani hupanda kwa karibu asilimia 8, na mwendo wa juu hupungua kwa kiasi kama hicho. Haya ni maarifa ya kweli. Aliyeyabuni anajua chuma, anajua udongo, na anajua bei ya mchele Kisangani.

Hata hivyo, tafuta katika orodha hiyo kitu kimoja kilichofanywa kwa ajili ya anayeendesha. Hakuna. Mzigo umepimwa, kilima kimepimwa, faida imepimwa. Mwili wa dereva umeachwa ujitafutie nafasi kwenye sehemu iliyobaki.

Nafasi yenyewe ni ndogo. Kiti cha pikipiki hizi ni kimoja, kirefu, bila ngazi. Akipanda abiria wa kwanza dereva husogea mbele, akipanda wa pili husogea tena, na mshikaki huo wa watu watatu ukikamilika dereva amekalia tenki. Usukani unamgusa tumbo, viwiko vimetoka nje, magoti yamepanda juu ya makanyagio. Mtu aliyekaa hivyo hawezi kuuzungusha usukani mpaka mwisho wake, wala mguu wake haushuki vizuri kwenye breki ya nyuma. Keria inayotokeza nyuma ya ekseli nayo hulinyanyua gurudumu la mbele, na usukani ukawa mwepesi mahali ambapo anauhitaji uwe mzito. Anaposhusha mzigo na kurudi mtupu, zile shokapu mbili mbili zinakuwa ngumu mno, kila jiwe linamfikia kwenye kiuno. Madereva wanaougulia mgongo na viganja vyenye ganzi wakiwa bado vijana hawakuumbwa dhaifu. Wamekalishwa vibaya, siku nzima, kila siku.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya matajiri, na kwamba kumpima dereva ni desturi ya kigeni. Nakataa, na ushahidi wangu uko hapa hapa mashariki mwa Kongo. Kabla ya pikipiki kuenea, mizigo ya msituni ilisukumwa kwa baiskeli, na mpaka leo wapo wanaoisukuma. Baiskeli ya msukumaji hunyang'anywa cheni na pedeli, kwa sababu hakuna atakayeipanda. Fimbo moja hufungwa kwenye usukani, kwa urefu unaomwezesha mwenyewe kutembea ubavuni mwa mzigo na bado akaongoza gurudumu la mbele. Nyingine husimamishwa nyuma ya kiti ili aishike na kusukuma. Mrefu hukata fimbo yake, mfupi hukata yake. Chombo hicho kimepimwa kwa anayekitumia, hatua kwa hatua.

Nenda Goma ukaitazame chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo iliyojengewa sanamu katikati ya mji. Inabeba mamia ya kilo, nayo imechongwa kwa shoka na panga. Lakini juu ya ubao wake fundi amegongomea kipande cha mpira au cha kandambili, mahali ambapo goti la msukumaji litaegemea mguu mwingine ukipiga ardhi. Yule fundi, akiwa na gogo la mkaratusi mbele yake, alilifikiria goti la mtu. Na Kisangani, toleka, yaani baiskeli za kubeba abiria, ziliwekewa mto nyuma ili abiria aketi kwa raha, kama zilivyofanya boda boda za kwanza kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Basi desturi tulikuwa nayo. Imepotea wapi? Jibu langu ni umiliki. Baiskeli ya msukumaji ni yake, chukudu ni yake, na mpanda FJR1300 huko Ulaya naye anapanda mali yake. Madereva wengi wa pikipiki mijini mwetu wanaendesha mali ya mtu mwingine na kumpelekea fedha jioni. Mwenye pikipiki hugharamia keria kwa sababu keria inaleta mzigo na mzigo unaleta fedha. Pembe ya mkono wa breki haionekani kwenye hesabu za jioni. Dereva naye anaogopa kugusa bolti asije akaambiwa ameharibu. Kwa hiyo chombo kimegawanywa: faida ina mtetezi, mwili hauna.

Sisemi Lubutu iige kila kitu. Kava la upepo lina maana pale mtu anapokwenda kilomita 120 kwa saa, maana nguvu ya upepo huongezeka mara nne mwendo ukiongezeka mara mbili. Kwa kilomita 40 kwa saa kwenye njia ya Punia, hilo kava ni mzigo tu, nalo litavunjika kwenye anguko la kwanza. Masanduku ya pembeni yale, ambayo mengi hayaruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 10 kila moja, hayatufai. Na R100RS, ST1100 na FJR1300 zote huzungusha gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Ni safi, haina kupaka oili kila siku, lakini ikikatikia msituni kati ya Lubutu na Punia hakuna wa kuiunga. Cheni huungwa na fundi aliyekaa chini ya mti. Kwa hilo mafundi wetu wana haki kabisa, na wapanda pikipiki wa Ulaya wanaokwenda jangwani hujifunza somo hilo kwa gharama kubwa.

Kuna pikipiki moja iliyounganisha mambo haya vizuri, nayo inafahamika kwa mashirika na idara za afya: Yamaha AG100. Ilitengenezwa kwa ajili ya wafugaji na wakulima. Ina keria mbele na nyuma, hivyo uzito hauendi wote mkiani. Cheni yake imefunikwa kabisa, matope hayaifikii. Kuna vyuma vya kukinga vidole kwenye usukani. Mbunifu wake alijiuliza mtu huyu anabeba nini, na pia anashuka vipi, anashika wapi, anaanguka vipi.

Kwa pikipiki zilizopo Lubutu, mengi yanawezekana kwa spana tu. Legeza bolti ya mkono wa breki na ya klachi, dereva akae anavyokaa akiwa na abiria, zungusha mpaka vidole vifike bila kukunja kiganja, kaza. Legeza vishikizo vya usukani, uuzungushe mbele kidogo ili viwiko vipate nafasi, kisha hakikisha waya wa mafuta hauvutiki unapokata kona mpaka mwisho, kwa sababu waya ukivutika injini itapanda yenyewe. Mwambie mshona viti aongeze tuta dogo la sponji nyuma ya dereva, abiria wasimsukume hadi kwenye tenki. Keria mpya ichomelewe fupi, madumu yakae mbele ya ekseli au sambamba nayo. Shokapu nyingi za pikipiki hizi zina pete yenye ngazi chini ya springi: panda ngazi unapopakia, shuka unaporudi mtupu.

Cheni nayo ina siri yake. Mzigo unapoishusha pikipiki, cheni hujikaza yenyewe. Iliyokazwa vizuri ikiwa tupu inaweza kuwa ngumu kama waya ikipakiwa, ikala beringi za giaboksi na kukatika mlimani. Kwa hiyo ikague ikiwa imepakiwa, na iachwe ikicheza kidogo.

Nawasihi wenye pikipiki na mafundi wa Lubutu, wa Punia na wa Kindu: siku mtakapopeleka pikipiki mpya kwa mchomeleaji, mpelekeni na dereva wake. Akae juu yake, mzigo ukiwa umefungwa na abiria wakiwa wamepanda, aulizwe wapi panamuuma, na bolti zikazwe kwa kipimo chake kabla nondo haijakatwa.